Ubeti wa Kuaga

Kiyomi alitoka dukani na tofu mfukoni, akapitia uwanja wa kuchezea kando ya bwawa kumchukua binti yake. Jua lilikuwa linazama. Vipaza sauti vya halmashauri vikakohoa juu ya nguzo, kisha vikaimba, kama vilivyoimba kila jioni tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto hapa, kabla ya kuhamia mjini:

*Giza linaingia, rudini nyumbani,*
*mlango tumeuacha wazi, wali ungali moto.*

Enzi hizo Kiyomi alikuwa akiusikia tu, anatupa kamba ya kuruka na kutimua mbio. Aliamini ni amri ya serikali kwa watoto, na kwamba meya yuko dirishani anaandika majina ya wakaidi.

"Nagi! Husikii wimbo? Twende!"

"Nakuja, Mama. Nawasubiri hawa."

Uwanjani hapakuwa na mtu.

Wakashika njia. Nyuma yao… chwap. Chwap. Kama mtu anayetembea na soksi zilizolowa. Ikaja na harufu, harufu ya tope la chini kabisa la bwawa. Kiyomi hakugeuka.

Nyumbani kwao, walikokuja kwa sikukuu, Nagi alivua viatu, akaushikilia mlango.

"Usifunge, Mama. Hawajaisha kuingia."

Ndani, Shangazi Fumie alikuwa akichomeka vijiti vya miguu kwenye biringanya, iwe ng'ombe wa kuwarudisha marehemu kwao sikukuu ya wafu, Bon, ikiisha. Akanusa hewa. Kijiti kikamponyoka.

"Umekuja na wangapi?" akanong'ona.

"Wangapi nini, Shangazi?"

"Ndiyo kusema mpaka leo unadhani mlikuwa mnaimbiwa nyinyi? Nyinyi nani! Tulipozamisha makaburi ili tupate bwawa, tuliwaahidi wafu wenyewe kwamba tutawaita jioni, wapate joto la nyumbani, kisha tutawaaga. Ubeti wa kwanza wa kuita. Wa pili wa kuaga."

"Mbona wa pili siku hizi hauimbwi?"

"Waulize wakubwa wa halmashauri."

Kiyomi akapiga simu halmashauri. Afisa wa zamu alikuwa na adabu tele.

"Uliondolewa, mama. Mkazi mmoja mgeni alilalamikia kelele, mwingine akautetea wimbo. Kamati ikaamua ukatwe nusu, kila upande uridhike."

"Na walioitwa, wanarudije?"

Sauti ikashuka.

"Hata hapa ofisini ngazi zinalowa kila jioni, mama. Tumebandika tangazo… *Tahadhari, sakafu inateleza.*"

Kiyomi alipokata simu, mkeka wote ulikuwa na alama za nyayo za maji. Nyingine ndogo mno.

"Tuimbe sisi," alisema Shangazi. "Polepole. Usiwakimbize."

*Mmekula, mmeshiba, chukueni taa,*
*rudini mlikotoka…*

Nyayo zikageuka. Moja, halafu nyingine, zikaelekea mlangoni. Harufu ikapungua. Kiyomi akavuta pumzi, akaimba kwa nguvu zaidi.

*Shikaneni mikono, asibaki mtu nyuma…*

Hapo ndipo alipomwona Nagi.

Alikuwa kizingitini, viatu miguuni. Mkono mmoja ameunyoosha pembeni, vidole vimefumbata kitu kisichoonekana.

"We Nagi! Unakwenda wapi?"

Mtoto akamshangaa. "Si mnatuimbia turudi? Mmesema tushikane mikono."

"Kwenu ni hapa!"

"Wimbo haujasema hivyo, Mama."

Kiyomi akaukatiza wimbo. Shangazi naye akaacha. Mstari wa mwisho haukuimbwa.

Nje… chwap.

Kisha kimya. Kimya cha watu wengi waliosimama.

Kiyomi akamkwapua mwanawe, akafunga mlango. Hakuna aliyebisha hodi. Kiganja cha Nagi kilikuwa baridi, na chini ya kucha palikuwa na tope jeusi.

Siku kadhaa zimepita, na ombi la Kiyomi la kurudisha ubeti wa pili lingali linasubiri kamati. Nyumbani hawathubutu kuumalizia, maana Nagi ameshaukariri, na akiusikia husimama. Asubuhi wataondoka kwa treni kurudi mjini. Shangazi anasema huko mbali hawatafika. Anasema hivyo akitazama pembeni.

Jioni hii Kiyomi aliviweka viatu vya Nagi rafuni mwenyewe, juu kabisa. Sasa amevikuta chini mlangoni, vimelowa, vimepangwa sambamba kwa unadhifu, ncha zake zimegeuzwa kuelekea nje.

Ni heshima ya kawaida hapa. Lakini anayegeuziwa viatu namna hiyo ni mgeni anayekaribia kuondoka, na anayevigeuza ni mwenye nyumba.