Maneno ya Mama Yalipokwisha

Jamaa zangu wa Kakamega, mnaoishi mjini na kurudi mashambani mwisho wa mwezi, hebu nisikilizeni. Kisa hiki ni cha mwaka wa tisini na tisa, katika nyumba tuliyopakana nayo ukuta hapa Amalemba.

Ilikuwa nyumba tulivu. Andati alikuwa fundi wa kompyuta katika chama cha wakulima wa miwa. Mkewe Jepkemboi alikuwa mwalimu, na binti yao Mitchel alisifika kwa adabu. Humo ndani sheria ilikuwa moja: Kiingereza tu, tangu chai ya asubuhi, na atakayeteleza ataadhibiwa. Andati aliogopa mtoto asije akaachwa nyuma shuleni. Majirani wote walimpigia makofi, na makofi yakamlevya.

Mzee wake alipofariki, Andati alimleta mamake, Mama Awinja, kutoka Navakholo. Kwa mila zetu mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, basi akapewa chumba cha uani. Hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba hakuna aliyevuka ua kwenda kuketi naye. Mitchel alikuwa na Kiswahili cha shule na bibi alikuwa na cha sokoni, vingetosha kabisa, lakini mtoto aliogopa sheria ya babake. Alileta obusuma, yaani ugali, akatua sahani, akatabasamu, akaondoka. Mama alikula peke yake huku akiutazama mlango.

Mwaka huo chama kilitaka tovuti yake iwahudumie wakulima kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiluhya, ili hata asiyejua kusoma asomewe na karani habari za miwa yake kwenye kompyuta za ofisini. Andati alikuwa ameiandika programu kwa Kiingereza kitupu, maneno yametapakaa ndani yake kama mawe kwenye mchele. Ilimbidi ayachambue yote na kila lugha aiwekee faili lake, ili mkulima akichagua lugha, seva, ile kompyuta kuu, imchotee maneno ya lugha hiyo. Kiswahili alikimudu. Kiluhya kilimtoa jasho, maana alikuwa amekitupa siku nyingi.

Basi akaanza kwenda uani kila jioni kuuliza kupalilia wanaitaje, mbegu ya miwa wanaitaje. Mama akachangamka. Akiulizwa neno moja, alianzia mbali, kwenye shamba la babake na mvua za utotoni, ndipo alitoe. Andati alikuwa akitazama saa. Mimi nilikuwa nikimsikia mama akicheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aje.

Kazi ikakamilika na wakubwa wa chama wakamsifu Andati. Hakwenda tena uani. Mama aliendelea kutoa viti viwili jioni, akavipangusa, akangoja, kisha akavirudisha. Nilimuuliza kama mwanawe amesafiri.

"Hapana," akanijibu. "Alikuwa anakujanga juu ya maneno. Mimi nilidhani anakujanga juu yangu."

Jibu hilo lilinichoma. Nilimweleza Andati, naye akaahidi kwenda Jumapili. Jumapili ikafika, akaitwa ofisini kurekebisha programu. Mama akafunga mzigo wake, akarudi Navakholo siku ya soko, na hakuna aliyemsindikiza ila mimi.

Kabla ya Krismasi habari ikaja kwamba ameanguka shambani. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja pamoja na ulimi. Andati alifika na familia yake, nami nikafuatana nao. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwita, akamwita tena. Mama akamtazama tu, machozi yakimtiririka. Andati akamvuta Mitchel karibu.

"Zungumza na kukhu, bibi yako," akamwambia. "Anakusikia."

Mtoto akamtazama babake kwa woga. "Kwa lugha gani, Baba?"

Andati, aliyeifundisha mashine kumuuliza kila mkulima swali hilo hilo, aliinamisha kichwa juu ya blanketi akalia.

FUNZO

Ndugu zangu, Kiingereza ni kizuri, tuwasomeshe watoto. Lakini tusiwafungie mlango wa kwa bibi zao. Na wewe mwenye mzazi uani, usimwendee kwa sababu tu una haja naye. Mwendee leo ukae, hata kama huna la kuuliza. Siku ulimi wake utakapofunga, hakuna fundi atakayeufungua.