Mkoromo wa Nzuki

Jamani, tangu lini mtoto mchanga akakoroma? Huyu wa Kavinya, pale Voi, alikoroma kama mzee aliyelewa, na ngozi ya viganja ilimbambuka kama ganda la kitunguu.

Hospitalini, nesi Loise alipima damu. "Mama, ni kaswende. Ilimpata tumboni mwako. Atadungwa penisilini siku kumi, bila kuruka. Wewe nawe udungwe, na baba yake aje."

Mutuku aje? Thubutu! "Mimi niko fiti," dereva huyo wa lori alisema kwa simu, na wanawake wa Taveta wanajua hiyo fiti yake.

Sindano zikaanza. Pua ya mtoto ikafunguka, mkono uliokuwa umelegea ukaanza kucheza. Ila mkoromo haukuisha. Sasa ulitoka chini ya kitanda.

Siku moja mama mkwe, Syombua, akaingia amevimba kwa hasira. "Siku ya nne imepita na mtoto hana jina! Asiye na jina bado ni wa majini. Twende nyumbani."

"Mama, sindano hazijaisha," Kavinya alinong'ona.

"Sindano itangoja. Jini halingoji."

Wakamtorosha kwa bodaboda hadi chini ya mlima Sagalla. Akaitwa Nzuki, jina la babu yake marehemu, akavishwa shanga shingoni. Wageni wakaja leo, wakaja kesho, na nani awaache wageni akafuate sindano?

Ndipo adhuhuri, wanawake wakicheka nje na chai yao, Kavinya akasikia harufu ya damu iliyochacha, akasikia mkoromo ukitoka chini ya kitanda na kupanda polepole, kwanza mguu wa kitanda, kisha godoro, kisha shuka, mpaka ukaingia puani mwa mtoto, na sauti ya kizee, tamu kama ya babu anayebembeleza, ikaita "Nzuki," maana sasa jini lilikuwa na jina la kumwitia, na mtoto, ambaye hakuwahi kugeukia sauti ya mtu, akageuka.

Walipomrudisha hospitalini, Loise alifunua shuka, akamfunika mtoto tena, uso na yote. "Mlikuwa wapi, mama?"

Mganga alifukiza ubani nyumba nzima. "Limetoka," Syombua akatangaza kwa majirani.

Mutuku alirudi na unga na maneno matamu. Mvua ziliponyesha, Kavinya alikuwa mzito tena.

"Baba Nzuki, ulidungwa?" alimuuliza taratibu.

"Mambo hayo si yaliisha?"

 Kavinya aliweka kiganja tumboni. Ndani kule, kadogo, kamezibwa pua, kalikuwa kakikoroma.