Ukuta Mtupu wa Bwana Folau

Ukuta ulikuwa mtupu. Ngatu, ile nguo ya magome ya mti yenye urefu wa hatua ishirini, fahari ya bandari nzima ya Neiafu, haikuwapo. Na meli ya watalii ingetia nanga saa sita mchana.

"Mwizi ni huyu!" Folau, mwenye ukumbi wa maonyesho, alimnyooshea kidole mlinzi wake, Kaliopasi. "Mtie pingu, Afande, kabla sijamtia makofi!"

Kaliopasi alikuwa pande la mtu, lakini asubuhi ile ya Jumatatu alikuwa amejikunyata mlangoni. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelinda pale bila doa. Sasa kazi na jina lake vilikuwa vinamponyoka kwa mpigo.

Inspekta Lupe Havili hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alilikagua eneo la tukio taratibu. Kufuli lilikuwa zima. Misumari yote iling'olewa kwa uangalifu, ikawekwa ndani ya kopo tupu la samaki. Tangu lini mwizi akamtunzia mwenye mali misumari yake?

"Kaliopasi, tangu mfunge ukumbi Ijumaa, nani kaingia humu?"

"Hakuna mtu, Afande."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Jumamosi asubuhi alikuja Shangazi Seini na akina mama sita, wakaingia na bunda, wakatoka na bunda, basi."

"Mbona daftarini hawamo?"

Mlinzi akamkodolea macho. "Nimwandike shangazi yake bosi? Akiingia kwa mtoto wa kaka yake? Huyo si mgeni, Afande. Akitaka hata shati la bosi, bosi anavua!"

Lupe hakuweza kumlaumu. Mwezi uliopita shangazi yake mwenyewe alimchukulia redio, naye akasema asante. Akatuma gari likamlete Shangazi Seini.

Stoo, nyuma ya mlango, alikuta bunda refu limefungwa kamba. Akakunjua ncha, akanusa. Hakikuwa na harufu ya magome; kilikuwa kitambaa cha kiwandani kilichochapwa michoro ya ngatu.

"Nini hiki, Bwana Folau?"

Folau akalishika bunda. "Haiwezekani! Hiki nilikitoa Jumamosi kwenye harusi ya binti yangu. Niliwakabidhi wakwe kwa mikono yangu!"

"Mlikikunjua?"

"Hapana, kilikuwa kimefungwa. Shangazi ndiye..." Akageukia mlango.

"Ndiye nini?" Shangazi Seini alikuwa amefika, mkeka wa heshima, vazi la huko, umefungwa kiunoni. Akaketi kwenye kiti. Folau akateremka sakafuni papo hapo, kwani mtu hakai juu kuliko shangazi yake.

"Shangazi, una maelezo?" Lupe aliuliza.

"Andika, mwanangu. Nimeichukua mimi. Ngatu ile tuliitwanga wanawake kumi na wanne, mwaka mzima, mikono ikatoka malengelenge, kwa ajili ya siku binti yetu atakapoolewa. Huyu akaigongomea misumari ukutani. Halafu siku ya mwanawe anataka kutoa takataka ya dukani! Aibu hiyo tungezikwa nayo. Basi nikayabadilisha mabunda. Na mngemwona alivyoitoa, kifua mbele kama jogoo!"

Lupe alijiuma mdomo asicheke. "Bwana Folau, mlalamikaji ni wewe. Nifungue jalada dhidi ya shangazi yako? Au niende kwa wakwe kuwanyang'anya zawadi?"

Folau alitikisa kichwa. "Sina malalamiko, Afande."

"Mimi ninayo," alisema Shangazi, akimwonyesha Kaliopasi kwa kidevu. "Umemwita mtu mwizi mbele ya askari."

Honi ya meli ikalia bandarini. Folau, palepale sakafuni, akamgeukia mlinzi wake. "Nisamehe, Kaliopasi. Nimekukosea, wewe na watoto wako."

Kaliopasi akajifuta uso kwa kiganja. "Yameisha, bosi."

"Kwako yameisha," alisema Shangazi. "Huyu bado. Akina mama wako nje na magome, magogo na nyundo za mbao. Wageni watatuona tukitwanga ngatu mpya, naye atatwanga nasi."

"Shangazi! Mwanamume, kazi ya wanawake?"

"Simama."

Folau akasimama. Kaliopasi akaenda kuwafungulia wageni milango, akicheka mpaka funguo zikamponyoka.