Kazi ya Josiane Inangoja Nini?

Kila asubuhi, katika mtaa wao wa Kasuku mjini Kindu, Bibi Albertine alipepeta mpunga wa mbegu mbele ya mlango. Kuku walijifanya wapita njia. Yeye naye alijifanya hawaoni, mpaka mmoja anyooshe shingo. Hapo ungo ulimshukia mgongoni.

Mwaka huo mbegu ilitosha shamba moja tu, na mashamba yalikuwa mawili. La bondeni, kando ya mto Lualaba, lilikuwa na udongo mweusi. La kilimani lilikuwa na kokoto. Bonde huzaa sana, mto ukitaka. Mto usipotaka, hula shamba pamoja na mbegu.

Mjukuu wake, Josiane, alisomea mambo ya mito. Alitaka kujua maji yatafika wapi mwaka huo. Hesabu hiyo aliituma kwa kompyuta kuu. Hiyo ni kompyuta kubwa kama nyumba. Iko mbali, nchi ya watu, na vyuo vingi vinaitumia pamoja kwa njia ya Interneti.

"Mashini yako imesema nini?" Bibi aliuliza.

"Bado, bibi. Iko inangoja."

"Inangoja nini? Chai?"

Josiane hakucheka. "Naona imelala. Sasa hii ninaifuta kazi yangu, ninaituma upya. Jana nilifanya vile vile. Na juzi."

Bibi Albertine aliweka ungo chini. Mvua ilikwisha kunguruma upande wa Kibombo, na majirani walikuwa wanapanda. Lakini udadisi ulimwasha kuliko mvua. Kitu kikubwa kama nyumba kinangoja nini?

"Usifute kwanza," alisema. "Umuite Papa Mardochée."

Mardochée alikuwa jirani yao, fundi wa kompyuta wa chuo. Alikuja na kiti chake mwenyewe, maana viti vya Bibi Albertine alivijua.

"Mama Albertine, habari ya hapa?"

"Muzuri, ila hii mashini ni muvivu. Ingekuwa mume, ningeirudisha kwao."

"Tuiulize kwanza," alisema Mardochée. Akamwambia Josiane aandike neno squeue pamoja na jina lake. Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo. "Tazama herufi hizi. PD: kazi iko kwenye foleni, inangoja. Ingekuwa R, ingekuwa inafanyika. Na hapa mwisho imeandika sababu. Inasema wengine wametangulia. Hakuna kosa, na haijalala."

"Na akiifuta, akaituma upya?" Bibi aliuliza.

"Anatoka kwenye foleni, anaingia tena mkiani. Kungoja kwake kote kunapotea."

Bibi aligeuka polepole, akamtazama mjukuu wake.

"Wakati wa vita," alisema, "mashini ya kukoboa mpunga ilibaki moja hapa, yenye vinywa viwili. Kusimama watu wengi pamoja kulikuwa hatari. Basi mabeseni yenyewe njo yalisimama kwenye foleni, sisi tukajificha nyumbani. Mama mumoja alikuja, akaona beseni yake haijasogea. Akakasirika, akaibeba. Kesho akairudisha mkiani. Kila siku vile. Vita ikaisha, yeye angali anatafuna maganda."

"Ni kweli, bibi?"

"Maganda nimeongeza mimi. Beseni ni kweli."

"Njo vile vile," Mardochée alisema, akicheka.

"Ngoja, bado kuna jambo. Mwenye magunia alitaka vinywa vyote viwili. Kimoja kikiwa wazi, yeye angali anangojea cha pili. Hapo fundi alipitisha beseni ndogo, kama itamaliza mbele ya kile cha pili kufunguka. Huko kwenu beseni ndogo inapita?"

Mardochée aligeukia kioo. "Inapita. Josiane, uliomba muda gani?"

"Siku tatu. Niliogopa itanikata katikati."

"Na kazi yenyewe?"

"Kwa jaribio nililofanya, nusu siku."

"Basi umeleta beseni, ukaiita gunia. Itapenya wapi? Omba siku moja, ubaki na nafasi ya usalama. Kupunguza muda hakukutoi kwenye foleni."

Josiane akapunguza. Bibi akasogeza kigoda chake. "Iulize tena."

"PD, bibi."

"Na sasa?"

"Mama," Mardochée alisema, "watu wote wakiiuliza kila dakika, itashinda ikijibu tu. Asubuhi na jioni inatosha."

"Hata mara moja, kwa siri?"

"Hata kwa siri."

Asubuhi iliyofuata kuku walikula walivyotaka, maana Bibi alikuwa nyuma ya bega la Josiane. Herufi ilikuwa R. Jioni walipouliza, kazi haikuonekana kabisa.

"Wameiiba," alisema Bibi.

"Imekwisha, bibi. Ikimalizika inatoka kwenye foleni. Jibu liko kwenye faili langu."

Jibu lilikuwa ramani. Rangi ya buluu, yaani maji, ilifunika shamba lote la bondeni. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, maana ule udongo mweusi aliupenda. Kisha akabeba mbegu yake kilimani, akizitukana kokoto njia nzima.

Lualaba ilipopanda, watu walipita na mtumbwi juu ya shamba la bondeni. Kilimani mpunga ulitoka mfupi, lakini ulitoka.

Siku ya kupika wali mpya, Josiane alifunua sufuria. Akafunika. Akafunua tena.

"PD," Bibi alisema bila kugeuka. "Sababu: moto mudogo. Ukifunua tena, nakurudisha nyuma ya Mardochée."

Mardochée alikuwa amekwisha kukaa mkiani, juu ya kiti chake, sahani mkononi.