Kofia za Mtaa wa Vibandani

Kipimasazo kilifumbua jicho lake kabla sufuria haijainjikwa. Kilikuwa kisanduku cheupe kisichozidi tofali, kimebandikwa ukutani juu ya jiko la Bi Mwanjaa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kujua kila punje iliyoingia jikoni imeishia wapi. Mchele ulipomiminwa, kiliupima kwa kuutazama. Maganda ya muhogo yalipoanguka ndooni, kilitenganisha ganda lenyewe na nyama iliyokatwa nalo kwa uvivu, kikalalamika. Hata ukoko kilikuwa kimeshajifunza, baada ya ugomvi mrefu, kwamba watu wa hapa hawautupi, wanaugombania.

"Kofia imetoka nje," kilisema mchana huo kwa sauti yake ya upole. Kisha taa yake ikawa nyekundu. "Upotevu. Sahani moja haionekani."

"Haionekani kwako, we sanduku," alijibu Bi Mwanjaa aliporudi kutoka uani, akajifutia mikono kwenye kanga.

Jiji la Mkwajuni Mpya lilikuwa limepitia miaka mibaya ya ukame, na halikutaka tena kusikia kwamba chakula kimeoza. Huko mashambani, vinusakuvu, mashine ndogo kama nyuki, viliruka ghalani vikinusa mahindi gunia kwa gunia, na palipoanza unyevu viliita upepo mkavu. Malori yasiyo na dereva yalibeba nyanya zikiwa zimelazwa kwenye vyandarua vinavyoning'inia, ili zisibondane njiani. Sokoni, mizani ilijua embe lipi liliwe leo na lipi lingoje. Kilichobaki ni majumbani, na huko ndiko kugumu. Mkulima utamfundisha, dereva utamwondoa, lakini mtu na sufuria yake utamwambia nini?

Ndipo Mhandisi Hidaya Mgaza alipobuni kipimasazo. Kila nyumba ilipata fungu lake la chakula kutoka ghala la mtaa, na nyumba iliyotupa ilipunguziwa. Sheria ilifanya kazi vizuri, isipokuwa katika mtaa mmoja. Kwenye ramani ya Hidaya, Vibandani palikuwa pekundu kama pilipili, na mwezi ukiandama mafungu ya mtaa mzima yangekatwa.

Jambo lililomnyima raha ni kwamba mapipa ya taka ya Vibandani yalikuwa matupu kuliko ya mtaa wowote. Chakula kilipikwa, hakikuliwa, hakikutupwa. Kilikwenda wapi? Tena kulikuwa na hili la kofia. Vipimasazo vyote vya mtaa ule viliandika kofia zinazotoka adhuhuri na kofia zinazorudi. Hidaya alicheka peke yake ofisini. Watu gani hawa wanaovaa kofia kwenda kula? Akaona ramani haitamjibu, akaenda mwenyewe.

"Hodi!"

"Karibu. Vua viatu, sakafu ina maji."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mama yake hiki kisanduku?"

"Ndiye mimi."

"Mtoto wako ana maneno! Kaa hapo kwenye kigoda, usinizibie moto."

Hidaya akakaa, akatazama. Bi Mwanjaa alipakua wali wa nazi na changu wa mchuzi kwenye sahani, akazifuta kingo kwa kidole. Kisha akalitungua kawa kutoka ukutani, kawa la ukili lenye mistari ya zambarau na kijani, limechongoka juu, akaifunika sahani na kutoka nayo.

"Kofia imetoka nje," kilisema kipimasazo.

Hidaya alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amekilisha kipimasazo picha nyingi za vyombo: mabakuli, hotipoti, vifuniko vya kioo na vya bati. Kawa hakukionyesha hata moja. Yeye amelelewa ghorofani, ambako chakula hufunikwa kwa mfuniko wa sufuria basi.

Akamfuata bibi uani. Mlango wa pili alisimama mzee mrefu, mwembamba, kanzu imefuliwa ikang'aa. Huyo ndiye Mzee Semkiwa, aliyekuwa fundi wa kupanda minara ya umeme wa upepo. Binti yake wa pekee alifanya kazi kwenye karakana ya angani, huko juu kuliko mawingu.

"Leo umenichelewesha, Bi Mwanjaa," alisema. "Njaa imeanza kuniita kwa jina."

"Shika sahani uache maneno."

"Na huyu mgeni? Ndiye mchumba uliyeniahidi?"

"Mchumba gani! Mzee hana jino, anataka harusi!"

Akaipokea sahani, na mikono yake ikatetemeka hata kawa likachezacheza. Naye akampa bibi sahani yake iliyofunikwa kawa. Chini ya kawa palikuwa na mchele mbichi, wa fungu lake mwenyewe. Nyuma ya ua, Hidaya aliona makawa mengine yakivuka vichochoro, jirani kwa jirani, na hakuna aliyeuliza mwenzake amefunika nini.

"Hapiki tena," Bi Mwanjaa alimweleza waliporudi jikoni, akishusha sauti. "Mikono imemkataa. Nusura aungue. Sasa wale wa Idara ya Wazee wakijua, watamchukua."

"Nyumba ya Utulivu ni pazuri, bibi. Kuna mashine za kulisha, kuna bustani."

"Sijasema pabaya. Nimesema hataki." Bibi akakitazama kipimasazo. "Lazima kijue sahani inakwenda kwa nani?"

"Kisipojua, kitaandika imepotea. Mtapunguziwa wote, naye pia. Jina litabaki kwenye mizani ya ghala la mtaa tu, bibi. Nakuahidi."

Bi Mwanjaa alichambua mchele, akitoa chuya moja moja. Watoto wa mtaa walikuwa wakipiga kelele nje.

"Haya," alisema mwishowe. "Fanya."

Hidaya akakifundisha kipimasazo kawa ni nini. Hakikuwa kigumu kufundishika. Kilijua sasa kilichomo chini, kimetoka kwa nani, kimeingia kwa nani, na kwenye ramani Vibandani pakageuka kijani, nyumba baada ya nyumba. Mafungu hayakukatwa. Wenzake ofisini walimpigia makofi, na majiji mengine yakamwita akawaeleze habari ya makawa.

Lakini kipimasazo hakikukaa na siri peke yake. Kila kilichoandika kilisomwa na Bongo la Jiji, mashine kuu iliyosoma mambo yote, ya maji, ya moto, ya magonjwa. Hidaya aliifikiria mizani, hakulifikiria Bongo. Lenyewe liliona mzee anayepokea chakula kila siku na jiko lisilowashwa kamwe, likaunganisha mawili hayo, na kwa nia njema kabisa likatuma gari la magurudumu laini la Nyumba ya Utulivu. Mzee Semkiwa alikataa kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Yalipomwishia, akapanda.

Hidaya aliyajua hayo aliporudi Vibandani na mkungu wa ndizi wa kushukuru. Mlango wa pili ulikuwa umefungwa. Jikoni, juu ya meza, palikuwa na sahani imefunikwa kawa.

"Bado unampikia?"

"Mkono umezoea," alisema Bi Mwanjaa. "Kila siku nasema leo nitapunguza. Nikishapakua, naiona hiyo."

"Bibi, nilikuahidi. Sikujua Bongo litasoma."

"Hukujua. Na mimi nilikubali." Bibi aliinyoosha mikono kuichukua sahani kwenda kuimwaga.

"Nipe nile mimi," alisema Hidaya.

Akafunua. Wali ulikuwa umepondwa ukalainika kama wa mtoto anayeachishwa ziwa. Samaki alichambuliwa hata mwiba mwembamba kama unywele haukubaki, kisha nyama ikarudishwa kupangwa ionekane samaki mzima, asije mtu akajiona analishwa. Hidaya alikula polepole, kichwa chini, mpaka sahani ikaisha.

Kipimasazo kikawasha taa ya kijani.

"Sahani imeliwa," kilisema. "Hakuna kilichopotea."

Hidaya aliisogeza sahani tupu mezani.

"Muongo," alisema Bi Mwanjaa, akaichukua sahani kwenda kuiosha.