Kasha la Nyongeza

Feni ilikuwa inazunguka, na waya wa umeme Twalha alikuwa bado ameushika mkononi. Hakuwa ameuchomeka popote. Aliutazama waya, akaitazama ile feni nyuma ya kasha la kompyuta ikizunguka polepole, kisha akafanya kile wanachofanya watu wengi wanapoona jambo wasilolitaka: akajitafutia sababu. Ni upepo wa ziwani, alijiambia. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Twalha alikuwa fundi cherehani wa Kigera, Musoma, mshonaji wa sare za shule, mume wa Shani na baba wa Safina aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Kwa miaka mingi alikuwa na ndoto moja tu isiyohusu kitambaa: kompyuta ya kuchezea gemu. Siyo zile zinazowaka taa za rangirangi, hizo aliwaachia wenye nazo. Yeye alitaka ya kuungaunga, kipande hiki huku, kile kule, bora ikimbie. Mwalimu wake katika mambo hayo alikuwa Chrispin, fundi simu wa mjini, na jioni walikuwa wanabishana kuhusu vipuri mpaka Shani anawauliza kama wanataka awatandikie mkeka hapohapo.

"Kaka, achana na prosesa kubwa," Chrispin alimwambia. "Tafuta kompyuta iliyotumika ofisini, prosesa yake inatosha. Ongeza RAM. Pesa yote iliyobaki weka kwenye kadi ya grafiki, maana gemu inakulaga kadi."

"Na kasha?"

"Kasha ni bati tu. Uliona wapi bati linacheza gemu?"

Ushauri ulikuwa mzuri. Shida ni kwamba kompyuta za ofisini huwa nyembamba. Twalha aliipata yake, akafurahi, halafu akagundua kuwa kadi ya maana haiingii mle ndani hata ukiisukuma kwa goti, na pawa saplai yake haina hata waya wa kuilisha kadi hiyo. Ikabidi atafute kadi, pawa saplai na kasha pana. Akasikia kwamba Buhemba kuna mtu anaitwa Kasmiri, anauza vifaa vya ofisi ya machimbo yaliyofungwa. Akapanda gari akaenda.

Kasmiri alikuwa mwembamba, macho mekundu, na hakupunguza bei kirahisi. Walivutana mpaka mate yakawakauka. Walipokubaliana, Twalha akafanya kile anachofanya kila mnunuzi aliyelelewa vizuri na mama yake sokoni. Akaomba nyongeza.

"Sasa braza, umenikamua hivi, nyongeza yangu iko wapi? Nipe basi hata lile kasha."

Kasha lilikuwa kwenye kona, jeusi, pana, ubavu mmoja wazi, ndani hamna kitu isipokuwa tope jekundu lililokaukia chini. Kasmiri alilitazama kasha, akamtazama Twalha, kisha akamsogelea.

"Unaliomba mwenyewe?"

"Naliomba."

"Basi sema umepewa bure na umepokea."

Twalha alicheka. "Nimepewa bure, nimepokea. Kwani unanipa mke?"

Kasmiri hakucheka. Alilifunga kasha kwa kamba yeye mwenyewe, akalibeba hadi kituoni, akasimama kumpungia mkono mpaka gari likapotea. Twalha alimwona mtu muungwana sana. Huo ndio ulikuwa ujinga wake, nao ulimgharimu.

Kompyuta ilipoungwa, gemu ilikimbia, wallahi ilikimbia. Twalha na Chrispin walipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na Chrispin akalipapasa lile kasha pana akisema naye angelitamani moja. Ile feni iliyozunguka bila umeme haikutajwa. Lakini tope jekundu ambalo Twalha alilisugua kwa brashi na sabuni lilirudi chini ya kasha, bichi, na chumba kikaanza kunuka udongo uliofukuliwa chini sana, mahali pasipofika jua.

Halafu adhuhuri moja Shani aliingia chumbani akamkuta Safina amekaa chini ya meza, shavu kalibandika kwenye matundu ya kasha. Kikombe chake cha uji kilikuwa ndani, katikati ya nyaya.

"Wewe! Unampa nani uji?"

"Huyu anayechimba," Safina alinong'ona. "Anasema huku ndani hawanaga chakula."

"Nani anachimba?"

"Hajasema jina. Ananiita mwanangu."

Shani alichungulia. Kikombe kilikuwa kitupu, kimerambwa mpaka kinang'aa, na kutoka nyuma ya bati ikasikika sauti ya chuma kikigonga mwamba, mbali, taratibu, kazi ya mtu asiye na haraka. Alimnyakua mtoto akatoka naye nje, na siku hiyo kompyuta ikazimwa, kasha likatolewa uani likafunikwa turubai. Twalha alibishabisha kidogo. Aibu yake.

Kasha kukaa uani hakukusaidia kitu. Alfajiri Shani aliamka kuswali akasikia mkwaruzo. Safina alikuwa amechuchumaa chini ya meza, macho amefumba, anabandua sementi ya sakafu kwa vidole kama anayemenya chungwa, na chini ya sementi anachota udongo na kuutupa nyuma, anachota na kutupa, bila kupumzika wala kulia, ingawa kucha zilikuwa zimeshatoka na vidole vimebaki nyama. Udongo wa Kigera ni wa kichanga, mweusi. Aliokuwa akiutoa ulikuwa mwekundu.

Walimfunga bandeji, akachimba na bandeji. Walimfunga mikono, akachimba kwa visigino. Wakampeleka Bunda kwa shangazi yake Shani, mbali na kasha na mbali na ile nyumba, na huko akatulia, akala, akacheza na watoto wa jirani, mpaka Twalha aliporudi Kigera kuchukua nguo na kukuta chumba kimejaa udongo mbichi mpaka mlangoni, shimo limeshuka kufika kiunoni mwa mtu mzima, na kwenye kuta za shimo, toka juu hadi chini, kuna alama za vidole vidogo, vidole vya mtoto ambaye muda wote huo alikuwa Bunda. Alipiga simu. Shangazi alipokea akilia: Safina alikuwa amekaa jikoni, anakohoa, na anachokohoa ni vumbi la mawe.

Shangazi ndiye aliyewapeleka kwa Bi Hafidha. Huyu alikuwa mganga, lakini kibandani kwake aliuza dagaa, na hakuacha kupima dagaa wakati anawasikiliza. Alimshika Safina kidevu, akamtazama puani na masikioni, akamwachia.

"Mlilipata wapi hilo kasha?"

"Buhemba, Bibi."

"Mlinunua?"

Twalha alieleza habari ya nyongeza. Bi Hafidha aliweka kopo la dagaa chini.

"Umeomba! Kule mtu hapokeagi bure hata siku moja kitu cha duara, yaani kilichokaa na shimo la dhahabu. Anaachaga chochote, hata chumvi, ili mwenye shimo ajue ni biashara. Ukipokea bure umempokea na yeye. Ni jini mgumu huyo, hana shida na kompyuta yako. Anataka mchimbaji mdogo, wakubwa hawapiti."

"Mtoe, Bibi," Shani alisema. "Chukua chochote."

"Sitoi. Hata angekuja sheikh mkubwa, huyo hasomewi akatoka. Kaja kama zawadi, anaondoka kama zawadi. Mpeni mtu hilo kasha, alipokee kwa mdomo wake, na tangu anapopokea mpaka adhana ya Magharibi asitoe kitu kwa ajili yake. Hata peremende. Akilipa, atakuwa kanunua bati. Mwenye bati atabaki kwenu, na safari hiyo hatoki tena. Msirudi kwangu."

"Na asipotoka?" Twalha aliuliza.

Bi Hafidha alimtazama Safina mabega, akipima kama mtu anayekata nguo, kazi ambayo Twalha aliijua vizuri.

"Shimo likimtosha, atashuka. Tena limebaki kidogo."

Nje, Shani alimshika mumewe shati. "Baba Safina, utampa nani?"

Nani mwingine angepokea kwa furaha kasha tupu la kompyuta? Mjini Musoma alikuwepo mmoja tu aliyekuwa akilimezea mate tangu siku ya kwanza.

Kabla ya hapo alimpigia Kasmiri, labda kumtukana, labda kutafuta njia nyingine. Kasmiri alipokea mara moja.

"Uliomba mwenyewe, braza. Sikukulazimisha."

"Una watoto wewe?"

"Nilikuwaga na wawili," Kasmiri alisema, akakata simu.

Alasiri ya siku iliyofuata, udongo wa chumbani ukiwa umezolewa nje na Safina akiwa amerudishwa nyumbani kwa sababu shangazi aliogopa asije akamfia mikononi, Twalha alilibeba kasha begani hadi kwa Chrispin. Alikuwa ameshang'oa kila kilichomo, mazabodi, kadi, diski. Hata katika hali ile alikumbuka kuitoa kadi. Chrispin alikuwa uani, na mkewe Debora anaanua nguo. Mtoto wao Jastin, anayetambaa, alikuja mbio kwa magoti akashika ukingo wa kasha, akaingiza kichwa ndani, akacheka, na kicheko chake kikamrudia kutoka mle ndani kikiwa kinene kuliko kilivyoingia. Twalha alikisikia. Alimwona mtoto wa rafiki yake, akamwona vizuri, akaendelea.

"Nakupa, kaka. Bure."

"Acha utani! Na yako?"

"Nimeacha gemu. Mtoto anaumwa. Sema umepokea."

"Nimepokea, kaka, Mungu akubariki. Ila bure siyo vizuri, na wewe unauguza..."

"Bure!" Twalha alifoka mpaka Debora akageuka. Kisha akateremsha sauti. "Tafadhali. Usinipe kitu."

Angekaa pale. Angekaa pale mpaka adhana, anywe chai, azungumze upuuzi wa prosesa, amshike rafiki yake mikono isifike mfukoni. Lakini Jastin alikuwa amerudisha kichwa ndani ya kasha na anabwabwaja na mtu, na Twalha hakuweza kuendelea kutazama. Aliaga akaondoka karibu anakimbia.

Nyumbani alikuta muujiza. Safina alikuwa ameamka, macho maangavu, anadai wali. Kikohozi kimekoma. Shani alikuwa amepiga magoti mbele yake anamlisha kwa mkono, analia na kucheka, na harufu ya udongo ilikuwa imeisha kabisa, chumba kinanuka samaki wa kukaanga tu, kama zamani. Kwenye shimo lililokuwa chini ya meza kulikuwa kimya.

"Baba," Safina alisema, "mbona vidole vinaniuma?"

Twalha alimkumbatia. Kuhusu Jastin hakutaka kufikiri. Alitazama mlangoni, jua lilikuwa limegusa ziwa. Bado kidogo tu. Shani alimshika mkono wakakaa, mtoto katikati, wakisubiri sauti ya mwadhini kwa hamu ambayo hawakuwahi kuwa nayo hata wakingoja futari.

Simu ikatoa mlio wa ujumbe.

Ulikuwa muamala. Umepokea pesa, jina la mtumaji Chrispin, na nyuma yake ujumbe mwingine: Kaka najua ungekataa. Hiyo ni ya kasha. Kamnunulie Safina dawa, sisi ni ndugu.

Twalha alifungua sehemu ya kurudisha pesa, akabonyeza, akakosea namba ya siri, akabonyeza tena, vidole vinateleza kwa jasho, Shani anauliza nini, nini, Baba Safina kuna nini, na kwenye kioo yakaja maneno ya kumwambia asubiri, ombi lake linashughulikiwa, na kiduara kidogo kikazunguka, polepole, kama feni ile ya siku ya kwanza iliyozunguka bila umeme, na kikiwa bado kinazunguka kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza na mwadhini akaanza kuadhini.

Safina alitema wali. Ulikuwa mwekundu.

"Ameniambia lile bati limenunuliwa," alisema kwa utulivu. "Amesema nisimcheleweshe."

Walimrukia wote wawili. Walimshika miguu, walimshika kiuno, lakini mtoto yule mdogo alikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na aliwaburuta kwenye sakafu, polepole, bila hasira, hadi chini ya meza, huku Shani akiita jina lake na Twalha akisoma kila aya aliyowahi kufundishwa na kuzichanganya zote, na shimo likatoa pumzi ya baridi kutoka kwenye tundu jembamba lililokuwa chini yake, na kichwa kikapita, na mabega, yale mabega membamba ambayo Twalha alikuwa ameyapima mwenyewe mwaka uleule alipomshonea sare, yakakwama kidogo tu, halafu yakapita.

Mkononi mwa Shani kilibaki kipande cha bandeji. Aliruka shimoni akaanza kufukua kwa mikono. Chini yake, ndani ya udongo, kulikuwa na sauti ya mwingine anayechimba pia, haraka kuliko yeye, akielekea chini.

Twalha alikuwa bado amepiga magoti simu ilipoita tena. Kidole chake kiligusa kioo bila yeye kutaka, na sauti ya Chrispin ikajaa chumbani, ya furaha, na nyuma yake mtoto Jastin akicheka kicheko chake cha kawaida.

"Kaka, kasha nimeliangalia vizuri. Halina shida yoyote."