Gari Hili ni la Nani?

Kila mwaka joto likianza kupungua, mimi huanika pilipili. Hapa Jecheon, mji wetu wa Korea Kusini, jua la asubuhi hupiga mbele ya nyumba yetu, pale penye nafasi ya kuegesha gari. Sisi hatukuwa na gari, kwa hiyo nafasi ile ilikuwa ya pilipili zangu. Natandika mkeka, nazimwaga, nazigeuza kwa mkono ili zisioze upande wa chini.

Jumamosi ile nilikuwa naziondoa. Zilikuwa hazijakauka, lakini gari lilikuwa njiani.

Mwanangu Gitae anafanya kazi katika kiwanda cha vioo. Kiwanda kilikuwa kimehamia ng'ambo ya mlima, na basi halifiki huko. Basi la kampuni lilikuwa likiwachukua kwa muda tu, mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, asiye na gari hana kazi. Mkewe, Miran, alikuwa na mimba kubwa. Gitae alikuwa akila bila kuinua macho kwenye bakuli lake.

Ndipo Sangpil alipopiga simu. Sangpil ni rafiki yake wa jeshini. Gitae alipovunjika mguu mlimani, kwenye theluji, Sangpil ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Nyumbani kwetu jambo hilo halisahauliki.

Sasa Sangpil alikuwa anahamishiwa kazi Vietnam. Alikuwa na gari jeusi, kubwa, la kampuni ya kukodisha magari. Alikuwa amelichukua kwa mkataba wa miaka kadhaa, analipa kila mwezi. Mkataba ulikuwa bado haujaisha.

"Lichukue wewe," alimwambia Gitae. "Kila mwezi nitumie pesa mimi, mimi nawapelekea kampuni. Watu wa ofisini tuwasumbue wa nini? Mimi na wewe ni wa kuandikiana?"

Gitae akamwambia alilete. Basi mimi nikatayarisha vitu vya kulibariki gari, maana kwetu gari haliingii barabarani hivi hivi. Nilipika kwa mvuke keki ya mchele yenye maharage mekundu. Nilinunua samaki mkavu mzima, nikamfunga uzi mweupe. Nilijaza birika makgeolli, pombe yetu ya mchele, ya kumwagia magurudumu. Pombe ikishagusa magurudumu, gari limekuwa la nyumba hiyo. Kulirudisha baada ya hapo ni kama kujiombea mkosi.

Sangpil alilijua hilo vizuri. Alishuka garini akicheka, boksi la mapeasi mkononi.

"Mama! Mbona unazidi kuwa kijana? Unakula nini?"

"Nakula maneno yako matamu. Rudi nyuma kidogo, unanikanyagia pilipili."

"Na wewe shemeji, tumbo hilo! Mtoto huyo atatoka akiuliza ufunguo uko wapi."

Miran alitabasamu kidogo tu. "Kaka, mwache mwenzio aliangalie kwanza."

"Aliangalie nini? Linang'aa kuliko bwana harusi! Mama, mwaga hicho kitu. Baada ya wiki mbili mimi sipo hapa."

Gitae alisimama mikono mfukoni. Asubuhi ilikuwa ya baridi, lakini shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nikainua birika.

Chini ya nyumba yetu kuna duka la Mama Yuna la kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Kabla ya kufungua duka, alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya kukodisha magari. Alitoka nje na glovu zake, nyekundu mpaka kwenye viwiko.

"Hongereni! Gari hili ni la nani?"

"Letu," nikasema.

"La Gitae," akasema Sangpil.

"Kwenye mkataba kuna jina la nani?"

Sangpil akakohoa. "Langu. Lakini huyu ni ndugu yangu."

"Najua. Bibi, hebu teremsha birika kwanza."

Mkono wangu ukabaki hewani. Sangpil akakunja uso.

"Mama Yuna, unaniona mimi tapeli?"

"Tapeli haji na mapeasi. Nakuona mtu mwenye haraka. Gitae akigonga mtu kesho kwenye zile kona za mlimani, bima italipa?"

"Lina bima kubwa hili!"

"Inamhusu nani? Usiniulize mimi. Waulize watu wa bima."

Sangpil alipiga simu kwa hasira, akaweka sauti juu ili sote tusikie. Dada wa bima akajibu kwa upole. Bima ile ilikuwa ya Sangpil na mke wake tu. Akiendesha mtu mwingine, sehemu kubwa ya bima haifanyi kazi. Akimuumiza mtu, atalipa mwenyewe.

Miran aliketi kwenye ngazi, akashika tumbo.

"Basi namwongeza Gitae kwenye bima, yameisha," akasema Sangpil.

"Hayajaisha," akasema Mama Yuna. "Gari ni la kampuni. Ukimpa mtu bila wao kujua, umevunja mkataba. Wanaweza kulichukua hata likiwa limeegeshwa kiwandani. Tuseme uko Vietnam, mwezi mmoja umechelewa kuwapelekea pesa. Gitae amekutumia, lakini kampuni haimjui. Atalia kwa nani?"

"Sasa nifanye nini? Nilitupe mtoni?"

"Usilitupe, mdogo wangu. Kampuni yenyewe huhamisha mkataba. Inamchunguza anayelichukua kama ana uwezo wa kulipa. Ikiridhika, jina lako linatoka, lake linaingia. Yeye anakata bima yake. Ila Gitae, kabla ya kukubali, angalia gari limekwenda kilomita ngapi. Mkataba una kikomo. Zikizidi, hulipa yule anayelirudisha mwishoni, hata kama siye aliyeziendesha. Na mikwaruzo ni hivyo hivyo."

Gitae aliingia garini. Aliwasha, akasoma kilomita, akamuuliza Sangpil kikomo ni kipi. Sangpil aliangalia viatu vyake.

"Nilikuwa naenda mbali, mpaka Busan, kila wiki kikazi," akasema taratibu. "Kweli, hilo sikulifikiria."

Kilomita zilizobaki zilikuwa chache. Kwa safari ya mlimani kila siku, zingekwisha kabla theluji haijayeyuka. Mkataba ulikuwa na zaidi ya mwaka mbele.

Gitae akashuka. Alifunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Kaka, silichukui."

Nilisikia friji la Mama Yuna likinguruma.

"Ulinibeba mgongoni, sijasahau," akasema Gitae. "Lakini nikilichukua hili, siku moja nitakuchukia. Hilo silitaki."

Sangpil alichukua ufunguo, akaingia garini, akaondoka. Hakuonja hata keki. Nilimfunga samaki kwenye karatasi, nikamweka kabatini, nikarudisha pilipili zangu juani. Gitae aliketi kando ya mkeka akanisaidia kuzigeuza. Tangu utotoni hakuwahi kuzigusa.

Siku zikapita bila simu. Gitae alimwomba msimamizi wake ampe lifti basi la kampuni litakapokoma, akakubaliwa kwa muda. Lakini kila simu ilipolia, alishtuka.

Kisha asubuhi moja Sangpil akaja kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Alikuwa amekonda.

"Mama, ile keki imebaki?"

"Tuliila zamani. Kaa, kuna wali."

Alikula bakuli mbili, ndipo akasema. Alikuwa ameipigia kampuni, akafuata njia yao. Gari lilichukuliwa na mwenye duka la dawa wa Wonju, ambaye huendesha kutoka nyumbani mpaka dukani tu. Walikagua gari pamoja. Walikubaliana kwa maandishi kuwa kilomita zikizidi, Sangpil naye atachangia.

"Jina langu limetoka," akasema. "Gitae, tungefanya nilivyotaka, kila faini yako ingekuja kwangu. Ningekuwa Vietnam nakutukana kwa ajali ambayo hukuniambia." Akamsukuma bega. "Una kichwa kigumu, lakini siku hizi kina kitu ndani."

"Nimeazima cha Mama Yuna," akasema Gitae. Tukacheka wote, na Miran akacheka mpaka akashika mbavu.

Sangpil akasafiri. Mwezi uliofuata Gitae alipata gari dogo, lililotumika. Hakulipa mpaka fundi wa gereji alipolinyanyua na kulikagua chini. Alikata bima kabla ya kuligusa. Akaenda ofisi ya mji, akabadilisha jina, ndipo akalileta nyumbani. Mpaka leo analiendesha mlimani, na kazi anayo.

Siku alipolileta nilisogeza mkeka kidogo tu. Gari lilikuwa dogo, nusu ya pilipili zilibaki mahali pake. Keki ilikuwa inatoa mvuke. Sangpil alikuwa kwenye simu ya Miran kutoka Vietnam, uso wote umejaa kwenye kioo.

Nikainua birika, kisha nikalishusha, nikauliza:

"Gari hili ni la nani?"

"Langu, Mama," akasema Gitae. "Jina langu, na bima yangu."

Nikamtazama Mama Yuna mlangoni pa duka lake. Akatikisa kichwa kukubali.

"Mama, mwaga!" Sangpil akapiga kelele kwenye simu. "Na gurudumu la nyuma usilisahau!"

Nikamwaga.